Wageni wa Injili na Siku ya Tatu Isiyofika

Saa kumi na moja alfajiri, giza bado halijaachia, akina mama wanne wa mtaa wa kanisani wanakuwa wameshapanga ndoo kisimani. Mwaka mmoja wageni walikuwa 12. Kila mmoja ataoga asubuhi, ataoga na jioni, maana vumbi la Julai huku kwetu Masasi halimwachi mtu, na kila kuoga ni ndoo moja ya lita 20. Hizo tayari ni ndoo 24, hujabandika chai, hujaosha vyombo, hujajaza maji ya chooni. Kutoka kisimani hadi nyumba ya wageni ni dakika 20 ukiwa mikono mitupu. Ukiwa na ndoo kichwani, hesabu nusu saa. Wageni wanapofungua milango saa moja na nusu, mapipa ya kuogea asubuhi yamejaa, akina mama wamekaa jikoni na moshi unapanda.

Nimekuwa mkalimani wa makundi ya namna hii kwa miaka mingi. Huja kutoka makanisa ya Marekani na Uingereza, hukaa kwetu wiki mbili, kisha hurudi kwao. Wenyewe huiita safari ya misheni. Sisi kijijini tunawaita wageni wa injili, au wageni tu, na kila mtu anaelewa. Mimi ni mtoto wa kanisa hilo hilo. Nimebatizwa Masasi, nimefunga ndoa Masasi, na ninayoyaandika hapa nayaandika kwa kuwapenda wanaokuja na kuwapenda zaidi wanaowachotea maji.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii watu huisema kwa utani, mgeni akizidisha siku. Mimi nimefika mahali pa kuiona kama sheria ya upendo. Siku mbili za kwanza mgeni huketishwa, hulishwa, hutazamwa. Siku ya tatu akishikishwa jembe, ndipo anapoingia nyumbani kweli: ataujua ugumu wa udongo, atajua mke wa mwenyeji wake aliamka saa ngapi, atachekwa akishika mpini vibaya, na jioni atakula alichokitolea jasho. Wageni wetu wa injili hukaa siku 14, lakini siku ya tatu haiwafikii. Na lawama si yao peke yao. Jembe tunalificha sisi wenyeji.

Siku yao inaendaje? Kabla ya chai wanakaa duara chini ya mwembe, kila mmoja na Biblia yake na daftari, wanasoma kimya, kisha wanaombeana. Nimeyasikia maombi yale miaka yote hii na sina shaka na unyofu wake. Wanawaombea wenyeji wao kwa majina. Wanaomba wasiwe mzigo. Baadaye chai: maandazi, mihogo ya kuchemsha, mayai. Wengine hula kidogo kwa sababu wameonywa na madaktari wao wachunge matumbo, na wana vidonge vya malaria vya kumeza kila siku, chupa za kuchujia maji, mafuta ya kujikinga na jua.

Saa tatu ni kazi, na kazi yenyewe mara nyingi ni kupaka rangi darasa. Hapo ndipo moyo wangu huanza kusumbuka. Fundi rangi wa kijiji, mtu aliyesomesha watoto wake kwa brashi, anaitwa naye aje. Anapewa kazi ya kushika ngazi. Anasimama pale asubuhi nzima akitazama rangi ikichuruzika mpaka sakafuni, na mtu akimuuliza ataitikia kwamba wageni wanafanya vizuri sana. Mchana wanakula, wanapumzika, wanacheza na watoto. Jioni ni kutembelea nyumba kwa nyumba. Usiku, baada ya wali na kuku, duara linakaa tena, na kila mmoja anaeleza leo ameuona wapi mkono wa Mungu. Akina mama wa asubuhi, wakati huo, wako nyuma ya nyumba wanasugua masufuria kwa majivu. Katika miaka hiyo yote sijawahi kusikia mtu akitoka kwenye duara kwenda kuwauliza na wao wameuona wapi.

Niseme habari ya nyumba moja, kwa sababu bado inanikaa.

Ilikuwa 2016, kijiji kimoja kwenye barabara ya kwenda Newala. Tuliingia kwa bibi mmoja, dada mkubwa wa katekista wetu. Bibi ni Mwislamu kama alivyokuwa baba yao. Katekista alibatizwa shuleni. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi hilo halihitaji maelezo. Familia zetu ndivyo zilivyo: sinia la Idi linakwenda nyumba ile, sinia la Krismasi linarudi, na msibani wote mnachimba kaburi moja. Bibi akatandika mkeka, akamtuma mjukuu alete maji na korosho za kukaanga. Tukaamkiana kwa kirefu: za nyumbani, za watoto, za shamba, za huko mtokako. Kijana mgeni aliyekuwa akiongoza alikuwa na adabu nzuri, alivua viatu bila kukumbushwa. Kisha akauliza swali alilofundishwa kwao: ukifa usiku wa leo, unajua utakwenda wapi?

Swali likafika kwangu, na likakwama. Kwa Kiingereza ni swali la kawaida katika makanisa yao. Kwa Kiswahili, ndani ya nyumba ya watu, kumwambia bibi wa umri ule habari ya kufa usiku wa leo, akiambiwa na mtoto wa kuweza kuwa mjukuu wake, ni kama kumtakia mabaya. Nikalivua makali. Nikasema, "Bibi, mgeni anauliza kama una amani na Mungu." Bibi akajibu, "Alhamdulillahi, baba. Mwambie ale korosho, zisipoe." Nikamwambia kijana kwamba bibi ana amani na Mungu na anamkaribisha ale. Akafurahi sana. Akauliza kama wanaweza kuomba pamoja. Bibi akainua viganja, maana dua hairudishwi. Walipomaliza, kijana akafungua daftari, akaandika jina lake.

Usiku kwenye duara, nyumba ile ilihesabiwa miongoni mwa waliompokea Yesu siku hiyo. Nilikuwa nimekaa pale pale, na nilinyamaza.

Siku ya pili yake katekista akanivuta kando. "Dada yangu anauliza," akasema, "yule kijana alimwandika jina la nini? Anasema labda ni TASAF." TASAF ni mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na huku kwetu mgeni akikuandika jina kwenye daftari maana yake kuna orodha, na kwenye orodha kuna msaada. Bibi alikuwa anangoja. Daftari ni lile lile moja. Aliyeandika aliona roho imeokolewa, aliyeandikwa aliona labda atapata cha kununulia dawa. Katikati nilikaa mimi, niliyewapa wote wawili maneno ambayo hakuna kati yao aliyeyasema.

Nimetafakari sana kosa lilikuwa la nani. Kijana alikuja na swali moja na dakika 40. Waumini wa kwao walichanga fedha za safari, wanangoja taarifa, na taarifa inataka idadi. Naelewa hilo, hata vikundi vyetu vya kuweka na kukopa havichangi bila hesabu. Lakini kinachohesabiwa kwenye mikutano ile ni adabu ya watu. Mswahili akiombwa na mgeni ainue mkono, atainua. Atainua leo kwa kundi hili, na mwakani kwa kundi lingine, na hakuna uongo moyoni mwake: amemheshimu mgeni. Nawajua watu waliookoka mara tano kwenye madaftari tofauti. Wanaendelea na maisha yao, wengine kanisani, wengine msikitini, na hakuna aliyerudi kuwauliza habari.

Kalenda nayo ina lake. Wageni huja Julai kwa sababu shule na vyuo vyao vimefungwa. Lakini kuanzia Juni mpaka Agosti mkulima wa korosho yuko kwenye salfa. Mikorosho imeanza kuchanua, ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, unanyemelea maua, na salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo haujaamka na umande ungali kwenye majani. Mwanaume anatoka na mashine mgongoni saa kumi usiku. Akirudi saa nne asubuhi, kope zake ni za njano na macho yanawasha, anachotaka ni maji na usingizi. Na ufuta nao unataka kuvunwa. Wavulana wengi wako kumbini, maana likizo ya Juni ndiyo nafasi ya jando. Wasichana wako unyagoni. Kwa hiyo mkutano wa mchana unapata vikongwe, mama wachache wenye watoto mgongoni, na watoto wadogo.

Nimewahi kutafsiri mahubiri ambamo mhubiri mgeni aliwasihi wanaume wa Masasi waache kuwaachia wanawake kazi ya kanisa. Alisema kwa uchungu, machozi yakimlengalenga, na hakuwa na njia ya kujua. Wanaume aliowakosa walikuwa mashambani wakiitafuta ada ya shule ya Januari. Angekuja Novemba, korosho zimeokotwa na minada imeanza, angewapata wamejaa viti, na sadaka angeiona. Angepata pia joto kali, na likizo yake ingekuwa imekwisha. Lakini mwenyeji gani aliwahi kumwandikia kwamba Julai si mwezi wetu? Sisi huwa tunajibu: karibuni sana, njooni wakati wowote.

Ukristo wa huku ulikujaje? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alitoka Unguja, akapitia Lindi, akaja na watu waliokuwa watumwa na sasa wameachiwa huru. Nia ilikuwa kusogea kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye majabali haya tunayoyaona kila siku, watu wale wakaona wamefika. Wengi walikuwa na asili ya sehemu hizi hizi za bara. Wakaomba wakae. Steere akarudi Unguja, wao wakabaki, wakajenga, wakalima. Mwaka 1882 Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, wakaja, wakachoma misheni, wakachukua mateka. Padri Chauncy Maples akahamia Newala kwa muda. Wenyeji wale hawakuwa na tiketi ya kurudi popote.

Halafu yuko Cecil Majaliwa, ambaye watoto wetu wa kipaimara wangepaswa kumjua vizuri zaidi. Mtoto wa Kiyao, aliuzwa utumwani, akalelewa na misheni Unguja, akatumwa Chitangali mwaka 1886, na mwaka 1890 akawekwa wakfu kuwa padri, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika UMCA. Aliyewahubiria Wayao wa Chitangali alikuwa Myao. Hakuhitaji mkalimani wa kulivua swali makali.

Askofu wa kwanza wa Masasi, Vincent Lucas, aliyeshika uaskofu mwaka 1926, anakumbukwa kwa jambo la jando. Wamisionari wengi wa zama zake waliliona jando ni ushenzi wa kupigwa marufuku. Lucas aliliingiza kanisani: kumbi ikabaki, mafundisho ya utu uzima yakabaki, sala ikaongezwa. Wapo wanaobishana mpaka leo kama alifanya vema, na kuna mambo yake hata mimi siyakubali. Lakini mtu hawezi kutofautisha cha kuacha na cha kuchukua katika jando la watu wengine kwa wiki mbili. Trevor Huddleston alikuwa askofu wetu kuanzia 1960, akaondoka 1968 ili kiti kikaliwe na Mwafrika, Hilary Chisonga. Kuondoka kwake kulikuwa sehemu ya utume wake.

Upande wa Wakatoliki ni hivyo hivyo. Wabenediktini walifungua Nyangao miaka ya 1890. Misheni ikachomwa wakati wa Majimaji mwaka 1905, mwaka ule ule Askofu Cassian Spiss alipouawa njiani kwenda Liwale. Mwaka uliofuata wakaanza Ndanda. Sista Thecla Stinnesbeck, daktari, akaja miaka ya 1920, na hospitali ya Ndanda tunayokimbilia leo ina mizizi kwenye kazi yake. Leader Stirling, daktari Mwingereza, alifika upande wetu wa Masasi mwaka 1935, akapasua wagonjwa Lulindi chini ya paa la nyasi, akahudumu pia Mnero, na mwishowe akawa raia, mbunge, na waziri wa afya wa Tanzania.

Siwatukuzi wote. Wengine walifika wakiwa wameshikana mikono na dola, na Majimaji haikuwachoma bila sababu. Ninachosema ni kwamba walifika siku ya tatu. Waliumwa homa zetu, walizika wenzao kwenye udongo huu, walijifunza kutukana na kubembeleza kwa lugha zetu, na tuliwajua mpaka udhaifu wao. Anayekaa hivyo unaweza kumkatalia jambo. Mgeni wa wiki mbili humkatalii kitu, na hiyo ndiyo hatari yake.

Kliniki za wageni nazipitia haraka. Wanakuja na masanduku ya dawa na miwani, watu wanapanga foleni tangu usiku, na kwa siku tatu kuna furaha kubwa. Miwani ni baraka ya kweli. Nimemwona mzee akisoma Zaburi baada ya miaka. Lakini mgonjwa wa presha akipewa vidonge vya siku 30, siku ya 31 anabaki na muuguzi wetu wa zahanati, ambaye hakuandikiwa alipewa nini. Wageni wangekaa na yule muuguzi kabla ya kufungua sanduku hata moja, nusu ya tatizo lingekwisha.

Na fedha? Visa peke yake kwa Mmarekani ni dola 100. Watu 12 ni dola 1,200, ndege haijaruka. Kwa hiyo wapo wanaosema, na wengine ni wasomi wetu wa hapa hapa, kwamba wageni wangebaki kwao na kutuma fedha hiyo tuchimbe kisima. Hoja ina nguvu, hasa ukiwa umeiona ile foleni ya ndoo. Siikubali yote, hata hivyo. Fedha inayokuja peke yake haimjui mtu, na wafadhili wasiowahi kula kwetu ndio wanaotuandikia masharti ya ajabu. Yesu alipowatuma wale wanafunzi katika Luka sura ya 10, hakuwaambia wapeleke mizigo. Aliwaambia wasichukue hata mfuko, waingie nyumba moja, wakae humo humo, wale na wanywe watakachowekewa. Maana yake aliwatuma wakiwa wahitaji. Mwenye nyumba ndiye mwenye chakula. Mtume anafika na njaa na salamu ya amani. Safari zetu za leo zimegeuza jambo hilo: mgeni anafika ana kila kitu, na mwenyeji anafundishwa kupokea.

Tena nimeziona bajeti zao, kwa kuwa mimi ndiye ninayezitafsiri. Kuna mstari wa rangi, mstari wa dizeli, mstari wa mkalimani. Mstari wa maji haupo. Akina mama wanne, ndoo 24 kwa siku, siku 14, hawamo. Wageni hawakuwanyima, hakuna aliyewaambia kwamba maji yana mwenye kuyabeba.

Mwaka 2018 alikuja mwalimu mmoja wa kike, kijana. Siku ya nne tumbo likamshika vibaya. Wenzake wakaenda kazini, yeye akabaki siku tatu nyumbani kwa mama mmoja wa wale wanne. Alilala kwenye mkeka barazani kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Mama alimpikia uji wa ulezi mwepesi, akamnywesha kwa kikombe kidogo kidogo, akamwosha nguo zake pamoja na zile za aibu. Nilipopita jioni ya siku ya pili nilimkuta amekaa, uso umemnyauka, anabangua korosho pamoja na mama na mabinti zake. Mafuta ya ganda yalikuwa yamemwunguza vidole, vimeanza kuwa vyeusi, na mama alikuwa anampaka mafuta ya nazi huku anamwambia, "Usishike hivyo mwanangu, nimekwambia." Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Hawakuniita nitafsiri.

Wiki mbili zilipokwisha, kwenye duara la mwisho, mwalimu yule alilia na kuomba radhi kwamba alipoteza siku tatu za huduma. Nilitafsiri maneno hayo kwa padri, na sauti yangu ilitetemeka. Mpaka leo mama yule huniuliza habari zake. "Yule mtoto wangu aliyeugua, ameolewa?" Darasa lililopakwa rangi wiki ile limeshababuka, na sijamsikia mtu akiuliza nani alilipaka.

Ningeishia hapo ingekuwa rahisi, maana ningebaki mtu wa pembeni anayewasahihisha wageni. Lakini mwaka 2014 mimi mwenyewe nilikuwa mgeni wa injili. Kwaya yetu ilivuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lile lililofunguliwa mwaka 2010, tukaingia Msumbiji upande wa Mueda. Tulikuwa 18 kwenye lori. Tulikuwa na ratiba iliyopigwa chapa, spika mbili, jenereta, marobota mawili ya nguo na vitabu vya nyimbo. Tulifika kijijini jua linazama. Watu wakatuachia vitanda vyao. Wakachinja mbuzi. Asubuhi tukakuta maji ya kuoga yamejaa ndoo, na katika wote 18 hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Na mimi, niliyekuwa nimeshatumia miaka nikiwasikitikia wengine kwa jambo hilo hilo, nilioga nikaenda kufunga spika.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa Kimakonde anayesema Kiswahili safi. Nikamsifu. Akasema alikijifunzia Rutamba, mkoani Lindi, alipokuwa mkimbizi wakati wa vita vya kumwondoa Mreno. Alisimulia wenyeji wa Lindi walivyowapokea, na alikumbuka kwa jina mtu aliyempa mama yake shamba la mwaka wa kwanza. Halafu akasema neno moja: "Kule tulilima." Alikuwa anatukumbusha, kwa upole, kwamba ukarimu alioupata kwetu ulikuja na jembe. Jioni ya mwisho tulihesabu mikono iliyoinuliwa. Tukaandika kwenye daftari. Tangu vurugu za Cabo Delgado zilipoanza Oktoba 2017 hatujavuka tena, na sijui yuko wapi.

Kwa hiyo nikisema jembe tunalificha wenyeji, nalisema nikiwa nimekaa pande zote mbili za mkeka. Mgeni hawezi kuomba asichokijua. Sisi huwaonea haya kuwaonyesha kisima, tukidhani kuwaficha taabu ni heshima. Tunampa fundi wetu ngazi ashike. Tunawaambia Julai ni sawa. Mkalimani anameza swali, anatoa lingine. Kila kitu kinafanywa kwa upendo, na matokeo yake watu wazuri waliovuka bahari wanarudi kwao wakiwa hawajaonana na sisi.

Barua ya mwaka huu ilifika mwezi uliopita. Kundi la watu 10, wiki mbili, wanaomba tuwaandikie kazi gani wafanye. Zamani padri angenipa nijibu peke yangu. Safari hii nilimwomba barua isomwe kwanza kwa akina mama wanaopika, akakubali, tukakaa nao Jumapili baada ya misa. Mwanzoni hawakusema kitu. Baadaye mama wa uji akasema, "Waje Novemba." Mwingine akasema kama hawawezi Novemba, basi waje hivyo hivyo Julai, ila mvulana akipuliza salfa na wao waende shambani, wabebe mfuko. Mwingine akataka wageni wapangwe wawili wawili kwenye nyumba, wasikusanywe pamoja, na kila mwenye nyumba apewe fedha ya maji na kuni mkononi mwake. Walibishana sana juu ya kisima. Mmoja aliona ni aibu mgeni kubeba ndoo. Mama wa uji akamjibu kwamba yule mwalimu angekuwa mzima angebeba, alikuwa na shingo ngumu.

Kuhusu daftari niliongeza mwenyewe, padri akaniachia: wakiingia nyumba ya mtu, wasiandike jina la mtu yeyote. Na Jumatano zote mbili ziachwe bila kazi, wakae tu na wenye nyumba.

Nimeitafsiri barua neno kwa neno, pamoja na sentensi moja ambayo siku zote ningeilainisha: kwamba darasa lina fundi wake. Nimeituma jana jioni. Bado hawajajibu.